Kufunga amplifaya na sabufa kwenye gari: umeme kwanza, besi baadaye

Muziki unapounguza gari, mkosaji mara nyingi ni waya mmoja: ule mnene mwekundu unaotoka kwenye betri. Umepitishwa kwenye tundu la bati bila raba, gari limetikisika miezi kadhaa, ganda limechubuka, shaba imegusa bodi, yaani bati la gari ambalo umeme hurudia hasi ya betri, na karibu na betri hapakuwekwa fyuzi. Betri ya gari dogo inaweza kumwaga mamia ya ampea kwa mkupuo. Waya unaanza kuungua chini ya kapeti kabla dereva hajajua harufu inatoka wapi.

Ndiyo maana nitakaa sana kwenye waya, fyuzi na bodi, na nitapita haraka kwenye mambo ambayo kila muuzaji atakueleza. Mfano wetu ni gari lililojaa barabarani kwetu, Toyota Probox, linalofungwa sabufa moja ya inchi 12 yenye koili mbili za omu 4 kila moja (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Amplifaya ni ya chaneli moja, daraja D (aina isiyopoteza umeme mwingi kama joto, tofauti na daraja AB), inayotoa wati 500 za RMS, yaani wati za mfululizo, kwenye omu 2. Ukizielewa hesabu za gari hili, utazigeuza mwenyewe zifae Noah, IST au Premio yako.

Wati za kwenye boksi na wati za kweli

Ukiingia duka la Kariakoo au la Luthuli Avenue utakuta amplifaya imeandikwa wati 3000 kwa herufi kubwa. Usibishane na muuzaji. Geuza amplifaya upande wa terminali utazame fyuzi zake. Jumlisha ampea za fyuzi zote, zidisha kwa 13.8, ambayo ni volti ya gari likiwa linanguruma, kisha zidisha kwa 0.8 kama ni daraja D au kwa 0.5 kama ni daraja AB. Yenye fyuzi moja ya ampea 30 inakupa 30 × 13.8 × 0.8, yaani wati 331 hivi. Huo ndio uwezo wake wa kutoa mfululizo, boksi liseme litakavyo. Yenye fyuzi mbili za 30 inafika wati 660 hivi, nayo inatosha kwa kazi yetu. Amplifaya kubwa sana huwa hazina fyuzi mwilini. Hizo soma kitabu chake, mstari wa RMS, na uupuuze ule wa wati za juu kabisa.

Sasa tujue itakula kiasi gani. Wati 500 zinazotoka, ukigawa kwa 0.8, ni wati 625 zinazoingia. Gawa kwa volti 13.8 upate ampea 45. Muziki haupigi kwa nguvu zote muda wote, kwa hiyo wastani utakuwa chini ya hapo, lakini waya na fyuzi vinapimwa kwa ampea 45, si kwa wastani.

Linganisha na altaneta yako. Kwenye magari madogo ya Kijapani nyingi ni za ampea 70 hadi 100 hivi, na kibandiko chake kitakuambia. Taa kubwa mbili za halojeni za wati 55 zinakula ampea 8, halafu kuna feni ya rejeta, feni ya kiyoyozi, pampu ya mafuta na kompyuta ya gari. Sabufa moja ya wati 500 inabebeka. Mtu anayetaka wati 2000 kwenye altaneta hiyo hiyo anatafuta kununua betri mpya kila baada ya muda mfupi.

Waya: pesa zako ziende hapa

Waya wa muziki wa gari unauzwa kwa namba, na namba ikipungua unene unaongezeka. Namba 8 una milimita za mraba 8.4, namba 4 una 21, na namba 0 una zaidi ya 50. Tofauti inayoumiza zaidi lakini ni ya ndani. Kuna waya wa shaba tupu, na kuna waya wa alumini iliyopakwa shaba juu. Huu wa pili ni rahisi kwa bei, unang'aa vilevile, na ganda lake huwa nene kiasi cha kuufanya uonekane mkubwa kuliko ulivyo. Kwa unene ule ule unapitisha umeme kama theluthi mbili tu ya ule wa shaba.

Kuutambua ni kazi ya dakika moja. Mwombe muuzaji akukatie kipande cha sentimita 3. Menya ganda, chukua uzi mmoja, ukwangue kwa wembe. Shaba ni nyekundu hadi ndani. Alumini inaonyesha weupe mara tu ngozi ya juu inapotoka. Pima pia uzito mkononi: alumini ni nyepesi mno.

Kwenye Probox, kutoka betri hadi nyuma unahitaji kama mita 5 za waya. Ukipitisha ampea 45 kwenye namba 8 wa shaba unapoteza karibu nusu volti njiani. Kwenye namba 8 wa alumini unapoteza zaidi ya 0.7. Kwenye namba 4 wa shaba unapoteza chini ya 0.2. Ushauri wangu kwa wati 500 ni namba 4 wa shaba, na ukishindwa kuupata, waya wa mashine ya kuchomelea wa milimita za mraba 25 unafanya kazi vizuri sana, kwa sababu una nyuzi nyembamba nyingi na unakunjika. Nao uukwangue kabla ya kulipa. Waya wa nyumba wenye nyuzi chache ngumu usiutumie, maana mtikisiko wa gari unauchosha hadi ukatike.

Fyuzi inalinda waya. Amplifaya ina fyuzi zake. Kwa hiyo fyuzi ya karibu na betri isizidi uwezo wa waya: ampea 50 kwa namba 8, ampea 100 kwa namba 4. Kwa mfumo wetu wa ampea 45, fyuzi ya 60 au 80 kwenye waya namba 4 ni salama kabisa. Fyuzi ikikatika, tafuta sababu. Usiweke kubwa zaidi, na usifunge uzi wa waya badala yake hata kwa safari ya kutoka gereji hadi nyumbani.

Omu: hesabu kabla ya kuunganisha

Kila amplifaya ina kiwango cha chini cha omu inachovumilia. Ukishuka chini ya hapo inachemka, inajizima, au inakufa. Sabufa yetu ina koili mbili za omu 4. Ukiziunganisha sambamba, yaani chanya na chanya, hasi na hasi, unapata omu 2. Ukiziunganisha mfululizo, yaani hasi ya koili ya kwanza iende kwenye chanya ya koili ya pili, na waya za amplifaya zishike ncha mbili zilizobaki, unapata omu 8. Amplifaya yetu inataka 2, basi tunaweka sambamba.

Sabufa mbili za aina hiyo hiyo zinakupa omu 1 zote zikiwa sambamba, au omu 4 ukiunganisha koili za kila sabufa mfululizo kisha sabufa mbili hizo sambamba. Sabufa mbili zenye koili za omu 2 ni hatari kwa asiyehesabu: zote sambamba zinashuka hadi nusu omu. Ziunganishe koili mfululizo ndani ya kila sabufa, kisha sabufa zenyewe sambamba, zikae kwenye omu 2.

Anayetumia amplifaya ya chaneli nne na kuzibriji mbili, yaani kuziunganisha zifanye kazi kama moja, kwa ajili ya sabufa akumbuke kwamba kila chaneli inaona nusu ya mzigo. Sabufa ya omu 4 iliyobrijiwa ni omu 2 kwa kila chaneli, na nyingi za aina hiyo zinaishia hapo.

Ukimaliza kuunganisha, kabla waya haujafika kwenye amplifaya, pima kwa mita ya umeme iliyowekwa kwenye omu. Gusanisha kwanza ncha za mita zenyewe, andika inachosoma, uitoe kwenye jibu. Mzigo wa omu 2 utasoma 1.6 hadi 1.9 hivi. Hilo ni sawa. Ikisoma karibu na sifuri, kuna nyuzi zimegusana mahali. Ikisoma 7 hivi, umeunganisha mfululizo bila kukusudia.

Kazi yenyewe

Hatua ya 1. Spana namba 10, fungua hasi ya betri, uifunike kwa kitambaa ili isirudi kugusa. Hasi kwanza daima: ukianza na chanya na spana ikagusa bati, cheche zitakurukia usoni.

Hatua ya 2. Pitisha waya mkubwa kutoka kwenye injini kuingia ndani. Kwenye bati linalotenganisha injini na dashibodi kuna raba kubwa inayobeba nyaya za kiwandani. Toboa tundu dogo pembeni mwa raba hiyo, sukuma waya wa henga ulionyooshwa, ufunge waya wako kwa tepu kwenye ncha, uvute polepole. Kama hapana nafasi na lazima utoboe bati, angalia kwanza upande wa pili kuna nini, kisha vesha tundu raba yake. Upande wa injini, uvalishe waya bomba la plastiki lenye mikunjo, uukaze kwa vifungo, uwe mbali na bomba la moshi, usukani na pedali. Usiupitishe kwenye bawaba za mlango. Mlango utaubana kila siku hadi siku moja uupasue.

Hatua ya 3. Funga kishikio cha fyuzi ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Karibu zaidi ni bora zaidi, kwa sababu kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi wowote. Fyuzi yenyewe iweke mfukoni. Itarudi mwisho kabisa.

Hatua ya 4. Laza waya mkubwa upande mmoja wa gari, chini ya plastiki za kizingiti cha mlango. Nyaya za RCA, zinazobeba sauti kutoka redio hadi amplifaya, na waya mwembamba wa kuwashia amplifaya, ule unaoandikwa REM, zipite upande wa pili. Zikienda pamoja, utasikia mlio wa altaneta kwenye spika, unaopanda na kushuka na mguu wako.

Hatua ya 5. Waya wa bodi, yaani wa hasi ya amplifaya. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Tafuta sehemu ya bati nene la gari lenyewe, ndani ya nusu mita kutoka kwenye amplifaya. Chukua msasa, ukwangue rangi yote hadi uone bati jeupe linalong'aa, duara lenye upana kuliko kichwa cha shaba unachofunga. Rangi ya kiwandani haipitishi umeme, na ile ya kijivu iliyo chini yake inadanganya watu wengi wakadhani wamefika kwenye chuma. Endelea kukwangua. Minya waya kwenye kichwa cha shaba, ambacho mafundi wengi wanakiita lagi, kwa koleo maalumu la kuminyia, nyundo haitoshi. Weka washa yenye meno, kaza bolti, kisha paka grisi juu, hasa kwa wanaoishi pwani ambako chumvi inaleta kutu upesi. Waya wa bodi uwe mnene sawa na ule mwekundu, kwa sababu umeme wote ulioingia unarudi kwa njia hiyo.

Mambo mawili hapa hayana mjadala. Usitumie bolti ya mkanda wa usalama. Ile ipo kwa ajili ya uhai wa abiria. Na kabla ya kutoboa sakafu ya nyuma, lala chini ya gari utazame. Tangi la mafuta, mabomba ya mafuta na ya breki yako huko.

Hatua ya 6. Redio. Magari mengi yetu yalikuja na redio za Japani, ambazo FM yake inaanzia 76 na inaishia kabla ya stesheni zetu nyingi, kwa hiyo wengi wameshabadilisha. Redio mpya ina matundu ya RCA nyuma, mara nyingi moja limeandikwa SUB. REM unaitoa kwenye waya wa bluu wenye mstari mweupe. Wa bluu tupu ni wa antena, na kwenye redio nyingine unazimika ukihama FM, ukajikuta sabufa inanyamaza ukicheza flashi. Kama redio ni ya kiwandani isiyo na RCA, nunua amplifaya yenye kiingilio cha nyaya za spika, au kibadilishi kidogo kinachogeuza nyaya za spika za nyuma kuwa RCA. Usiunganishe REM moja kwa moja kwenye betri. Amplifaya italala macho usiku kucha, na asubuhi gari halitawaka.

Hatua ya 7. Amplifaya isikae juu ya boksi la sabufa, kwa sababu mtikisiko unalegeza skrubu na kupasua lehemu za ndani. Isifunikwe na kapeti pia. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, gari lililofungwa vioo juani linachemka lenyewe kabla hata muziki haujaanza. Mgongo wa kiti cha nyuma, juu ya ubao ulioachwa nafasi ya hewa, ni mahali pazuri. Waya wa kutoka amplifaya kwenda sabufa utoshe milimita za mraba 2.5 hadi 4.

Hatua ya 8. Rudisha hasi ya betri, kisha ingiza fyuzi. Cheche ndogo kwenye kuingiza fyuzi ni ya kawaida, ni kapasita za ndani zinajaa. Cheche kubwa inayoendelea inakuambia kuna mahali waya umegusa bodi, basi toa fyuzi mara moja.

Gaini inawekwa kwa mita

Watu wengi hufungua gaini hadi mwisho wakidhani ni kitufe cha sauti. Gaini inalinganisha nguvu ya redio na ya amplifaya tu. Ikizidi, amplifaya inakata vilele vya mawimbi, koili inapata joto mfululizo, na harufu ya vanishi iliyoungua ndiyo inayokujulisha kwamba sabufa imekwisha.

Volti inayotakiwa kwenye terminali za sabufa ni kipeuo cha pili cha wati zikizidishwa kwa omu. Kwetu sisi, 500 × 2 ni 1000, kipeuo chake ni 31.6. Ng'oa nyaya za sabufa kwenye amplifaya. Zima mapambo yote ya besi kwenye redio na kwenye amplifaya. Weka gaini chini kabisa. Cheza toni ya hezi 50 iliyorekodiwa kwa kiwango kamili, injini ikiwa inanguruma, redio ikiwa kwenye robo tatu ya sauti. Mita iwe kwenye volti za AC, ncha zake kwenye terminali za sabufa. Pandisha gaini taratibu hadi isome 31.6, uache. Kama sabufa yako inabeba wati 300 tu, weka hesabu ya 300: 24.5.

Zima, rudisha nyaya za sabufa. Chujio linalopitisha sauti za chini tu, lililoandikwa LPF, anzia hezi 80. Kama boksi lina tundu la hewa, weka chujio la subsonic, linalozuia sauti za chini mno, karibu na hezi 25, vinginevyo noti za chini sana zinaipeleka koni mbali bila kitu cha kuizuia. Kisha kaa kwenye kiti cha dereva, mtu mwingine abadilishe swichi ya fezi kati ya 0 na 180, uchague palipo na besi nzito zaidi. Usichague ukiwa umesimama nyuma ya buti. Husikilizi muziki ukiwa umesimama pale.

Likileta shida

Swali la mara kwa mara gereji ni hili: "Fundi, mbona taa zinapepesa besi ikipiga? Nifunge kapasita?" Jibu la haki ni, "Bosi, kwanza tupime." Muziki ukipiga kwa nguvu, weka mita kati ya hasi ya betri na terminali ya bodi ya amplifaya. Ikizidi 0.2, bodi yako ni mbovu, rudi na msasa. Kisha pima chanya ya betri hadi chanya ya amplifaya. Ikizidi nusu volti, waya ni mwembamba au kishikio cha fyuzi kimelegea. Kama zote ziko sawa na betri yenyewe inashuka chini ya 13 injini ikiwa inanguruma, altaneta imezidiwa. Kapasita haizalishi umeme. Itakuficha dalili kidogo, na baada ya mpigo itahitaji kujazwa na altaneta ile ile. Msaada wa kweli ni kuongeza nyaya nene tatu: altaneta hadi chanya ya betri, hasi ya betri hadi bodi, na injini hadi bodi. Wa altaneta nao uupe fyuzi. Zisipotosha, punguza gaini.

Taa nyekundu ya PROTECT ikiwaka, zima, ng'oa nyaya za sabufa, uwashe tena. Ikitoweka, kosa liko kwenye sabufa au nyaya zake. Ikibaki, toa RCA. Ikibaki bado na bodi ni nzuri, amplifaya iende kwa fundi wa elektroniki.

Baada ya wiki moja ya barabara mbovu, kaza bolti zote upya, na ukitoka safari ndefu ya muziki wa juu, gusa kishikio cha fyuzi. Vuguvugu ni sawa. Kikichoma vidole, ndani yake kuna skrubu iliyolegea au waya ulioingia nusu.

Ukiwa na haibridi

Aqua na Prius zimekuwa nyingi, na mafundi wengi wanazifunga kama Probox. Kwenye magari hayo hakuna altaneta. Betri ya volti 12 inachajiwa na kigeuzi kutoka kwenye betri kubwa, kwa hiyo muziki mzito upigwe gari likiwa limeandika READY. Ukiiacha kwenye aksesori, betri ndogo inakwisha upesi na gari zima linagoma kuwaka. Uzuri ni kwamba kwenye Aqua betri hiyo iko chini ya kiti cha nyuma, basi waya wako ni mfupi, lakini fyuzi bado inahitajika. Nyaya zenye ganda la rangi ya chungwa ni za volti nyingi zinazoua. Usizifungue, usizikunje, usitoboe karibu nazo. Na pembeni mwa kiti cha nyuma kuna matundu ya hewa inayopoza betri kubwa. Boksi la sabufa, amplifaya au hata zulia likiyaziba, betri kubwa inachemka, na bei yake ni mara nyingi ya mfumo mzima wa muziki uliofunga.